Historia ya klimatizeri: mashine isiyotaka kusahauliwa joto likiisha

Mwezi wa tano ukikaribia kuisha, mvua zinakoma Kinshasa. Mbingu inakuwa ya kijivu, upepo wa asubuhi unapoa, na wakaaji wanatoa masweta kwenye masanduku. Huo ndio wakati klimatizeri zilizotumika mchana na usiku kwa miezi mingi zinazimwa, nyumba moja baada ya nyingine. Lubumbashi ina wakati wake, maana kule joto kali ni la mwezi wa tisa na wa kumi, mpaka mvua ije kulikata. Uvira na Kalemie, pembeni ya ziwa Tanganyika, joto linapungua kidogo tu. Goma na Bukavu, juu milimani, wengi hawajawahi kuwa na mashine hiyo nyumbani. Na familia za Wakongomani waliopokelewa kama wakimbizi huko Texas ao Arizona, Marekani, wanaizima mwezi wa kumi ao wa kumi na moja, joto la kule likiisha.

Kila mahali wengi wanafanya jambo lilelile: wanabonyeza telekomande, mashine inanyamaza, na hakuna anayeikumbuka tena mpaka joto lirudi. Mafundi wa frigo wanajua matokeo yake. Msimu ukirudi, mashine inanuka, inadondosha maji ukutani, ao inanguruma bila kupoza kitu. Mwenye nyumba anasema gazi imeisha, fundi anaongeza gazi, na baada ya miezi michache wanarudi palepale.

Kwa familia inayolala chini ya hema, habari ya klimatizeri inaweza kuonekana ni ya watu wengine, wale wenye umeme na ukuta wa kuitundika. Lakini historia ya mashine hii inaonyesha jambo moja tena na tena: pale ilipokosa kutunzwa vizuri, aliyelipa hakuwa mwenye nyumba peke yake. Mara nyingi alikuwa jirani, mgeni, ao mtu wa mbali asiyewahi kuigusa.

Ilianzia kando ya kitanda cha mgonjwa

Mashine ya kupoza hewa haikuanza kama starehe ya matajiri. Katika miaka ya 1840, kwenye mji mdogo wa bandari unaoitwa Apalachicola, jimbo la Florida, daktari John Gorrie alikuwa anatibu wagonjwa wa malaria na wa homa ya manjano. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye anayeeneza magonjwa hayo. Watu waliamini yanatoka katika hewa ya mabwawa. Hata jina malaria linatoka katika maneno ya Kiitaliano yenye maana ya hewa mbaya.

Gorrie aliona kwamba homa hizo zinapungua baridi ikifika. Akaanza kutundika vyombo vya barafu karibu na dari ya chumba cha wagonjwa, ili hewa baridi ishuke juu ya vitanda. Lakini barafu ilikuwa inakatwa katika maziwa ya kaskazini na kuletwa kwa meli. Ilikuwa ghali, na meli ikichelewa hakuna kitu. Ndipo akatengeneza mashine yake mwenyewe: inabana hewa kwa nguvu, inaiondolea joto, halafu inaiachia ipanuke, na hewa hiyo ikipanuka inakuwa baridi kiasi cha kugandisha maji. Alipata hati ya uvumbuzi mwaka wa 1851. Hakupata fedha ya kuiendeleza, watu walimcheka, na mwaka wa 1855 alikufa bila kuona faida yoyote.

Juu ya malaria, Gorrie alikosea. Chumba baridi hakiponyeshi malaria, na leo kila mama katika kambi anajua kwamba kinga inaanza na chandarua. Lakini juu ya njia ya kutengeneza baridi alikuwa sawa. Kubana, kutoa joto, kuachia ipanuke: klimatizeri na frigo za leo bado zinatumika kwa hatua hizohizo.

Karatasi iliyovimba

Zaidi ya miaka 45 baada ya kifo cha Gorrie, shida nyingine ndiyo ilileta klimatizeri tunayoijua. Mwaka wa 1902, kiwanda cha kuchapisha cha Sackett-Wilhelms, huko Brooklyn katika mji wa New York, kilikuwa kinapoteza kazi nyingi. Picha za rangi zilichapishwa rangi moja kwa siku moja. Hewa ikiwa na unyevu karatasi inavimba, ikikauka inanywea, na rangi ya pili haianguki mahali pa rangi ya kwanza. Kijana mmoja wa miaka 25, Willis Carrier, mhandisi wa kampuni ya Buffalo Forge, alipewa kazi ya kuondoa unyevu huo. Michoro yake ina tarehe ya 17 mwezi wa saba 1902.

Carrier alipitisha hewa ya kiwanda juu ya mabomba baridi. Hewa yenye unyevu ikigusa kitu baridi, maji yake yanageuka matone, kama yanavyoonekana kwenye chupa iliyotolewa ndani ya frigo. Hewa iliyorudi ilikuwa kavu, na ilikuwa baridi pia.

Jambo hili linafaa kushikwa vizuri, maana ndilo linaeleza kazi yote ya kutunza mashine nyumbani. Klimatizeri haitengenezi baridi kutoka mahali popote. Inachukua joto la ndani na kulitupa nje. Gazi inazunguka ndani ya mabomba, inabeba joto kama mpagazi, inalitua nje, halafu inarudi tupu kuchukua mzigo mwingine. Wakati huohuo maji ya hewa yanadondoka ndani ya sanduku la ukutani na kutoka kwa bomba dogo. Kwa hiyo kila klimatizeri ina vitu viwili vinavyotaka kuangaliwa: maji na gazi. Watu walivijua vyote viwili kwa uchungu.

Gazi iliyoua ndani ya nyumba

Frigo na mashine za kwanza zilitumikisha amonia, kloridi ya metili, ao gazi ya kiberiti. Zote zilipoza vizuri, na zote zilikuwa hatari zikivuja. Mwaka wa 1926 magazeti ya Berlin, Ujerumani, yalitoa habari ya familia, baba, mama na watoto, waliokufa usiku kwa gazi iliyovuja kutoka kwa frigo yao. Albert Einstein, aliyekuwa tayari mwanasayansi wa sifa duniani kote, aliumizwa sana na habari hiyo. Yeye na rafiki yake Leo Szilard wakaanza kubuni frigo isiyokuwa na kipande kinachozunguka, ili kusiwe na mahali pa kuvuja. Walipata hati ya Marekani mwaka wa 1930. Frigo yao haikufika sokoni.

Haikufika kwa sababu jibu lingine lilikuwa limepatikana. Mwaka wa 1928, mkemia Thomas Midgley na wenzake huko Marekani walipata gazi mpya, isiyowaka moto na isiyo na sumu kwa mtu anayeivuta kidogo. Ikapewa jina la Freon. Mwaka wa 1930 Midgley alisimama mbele ya wakemia wenzake, akavuta gazi hiyo kifuani, halafu akaipuliza juu ya mshumaa. Mshumaa ukazimika, na yeye akabaki mzima. Wote waliona kwamba hatari imeisha. Kisha Vita Kuu ya Pili, mashine zikawa ndogo na za bei nafuu, zikaingia katika nyumba za watu, kwanza zile za dirishani, halafu zile za sehemu mbili, sanduku moja ndani na lingine nje.

Maji yaliyosahauliwa Philadelphia

Onyo juu ya maji lilikuja mwezi wa saba 1976. Askari wa zamani zaidi ya 2,000 wa chama cha American Legion walikutana katika hoteli ya Bellevue-Stratford, mji wa Philadelphia. Siku chache baada ya kurudi makwao, wakaanza kuugua homa kali na kukohoa. Ugonjwa wa mapafu ulishika watu 221 na kuua 34, na kati yao kulikuwa hata watu waliokuwa wanapita tu kwenye barabara karibu na hoteli. Nchi nzima iliogopa. Watu walisema ni sumu, wengine wakasema ni homa mpya.

Mwezi wa kwanza 1977, mtafiti Joseph McDade alipata jibu: ni mdudu mdogo ambaye hakuna aliyekuwa amemtambua mbele. Akaitwa Legionella, kwa kukumbuka askari hao. Mdudu huyo anapenda maji ya vuguvugu yaliyokaa. Wachunguzi walielekeza macho kwenye mnara wa maji wa mashine kubwa ya kupoza hoteli: maji yake yanageuka ukungu, na ukungu huo unabebwa na upepo mpaka kwenye pua za watu.

Klimatizeri ndogo ya nyumba haina mnara kama huo, na mtu asiiogope kama hoteli ile. Lakini inakusanya maji kila siku, na vumbi la nyumba linashika mahali penye unyevu. Ikizimwa ghafula mwisho wa joto na kufungwa hivyohivyo, ukungu mweusi unaota ndani yake kwa miezi yote ya mapumziko. Siku itakapowashwa tena, chumba kizima kinapuliziwa ukungu huo, na anayeanza kukohoa ni mtoto ao mzee mwenye pumu.

Tundu mbinguni, na makubaliano ya Kigali

Na ile gazi isiyodhuru mtu? Mwaka wa 1974, Mario Molina na Sherwood Rowland waliandika kwamba Freon na gazi za ukoo wake haziozi hapa chini. Zinapanda polepole mpaka juu sana, na kule zinaharibu ozoni, tabaka linalozuia sehemu kali ya mwanga wa jua isiunguze ngozi na macho. Kampuni zenye kuuza gazi hizo ziliwapinga. Mwaka wa 1985, watafiti wa Uingereza wakatangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika imepungua sana kila majira ya kuchipua, na dunia ikaanza kuzungumza juu ya tundu. Tarehe 16 mwezi wa tisa 1987 mataifa yalitia sahihi Montreal, Kanada, mkataba wa kuacha gazi hizo. Mkataba huo umefaulu: tabaka la ozoni linapona polepole. Molina na Rowland, pamoja na Paul Crutzen, walipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 1995.

Lakini gazi zilizochukua nafasi ya Freon zilikuwa na deni lingine. Haziharibu ozoni, ila zinashika joto la dunia kama blanketi. Gazi inayoandikwa R-410A, iliyo katika klimatizeri nyingi za miaka hii, kilo moja yake ikiachiwa hewani inaongeza joto kama kilo 2,088 za gazi ya kaboni. Klimatizeri ya chumba kimoja inabeba karibu kilo moja, mara nyingi pungufu kidogo. Fundi anayefungua bomba na kuiachia yote iende amefanya kwa dakika chache kitu kinacholingana na kuchoma karibu lita 900 za esansi, yaani zaidi ya mapipa manne.

Ndiyo sababu tarehe 15 mwezi wa kumi 2016 wajumbe wa karibu nchi 200 walikubaliana kupunguza gazi hizo pia, kwa zaidi ya asilimia 80 katika miaka 30 hivi. Walikubaliana Kigali, mji ulio mwendo wa saa chache kwa gari kutoka Goma, na makubaliano yanabeba jina la mji huo. Yalianza kutumika tarehe 1 mwezi wa kwanza 2019. Nchi tajiri zilitakiwa kuanza kupunguza kwanza. Nchi nyingi zinazoendelea zilipewa mpaka 2024 kusimamisha ongezeko.

Kati ya Kongo na Rwanda kuna mambo mazito, na familia nyingi zinazosoma habari hii zilikimbia makwao kwa sababu ya vita. Hata hivyo hewa haiombi paspoti mpakani. Gazi inayoachiwa Kinshasa, Kigali, Dubai ao Houston inaingia katika anga moja. Na joto likizidi, anayelisikia wa kwanza ni yule ambaye kati yake na jua kuna turubai tu, bila dari, bila feni, bila mti wa kukaa chini yake.

Ufundi ambao Kongo inauhitaji

Nchini Kongo, klimatizeri ina adui mwingine: umeme usio na msimamo. Bwawa la Inga la kwanza lilianza kazi mwaka wa 1972 na la pili mwaka wa 1982, lakini mpaka leo mitaa mingi ya miji inapewa umeme kwa zamu. Umeme ukirudi kwa nguvu ndogo ao kwa kishindo, kompresa ndiyo inaungua, nayo ni moyo wa mashine. Ndiyo maana mafundi wanashauri kuweka kifaa cha kusawazisha umeme, na kusubiri dakika tano mbele ya kuwasha tena mashine iliyokatika.

Lakini kazi ya fundi wa frigo haiishi katika nyumba za wenye fedha. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia mwezi wa nane 2018 mpaka mwezi wa sita 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa. Chanjo iliyopewa watu zaidi ya 300,000 ilipaswa kuwekwa katika baridi ya kati ya digrii 60 na 80 chini ya sifuri, katika maeneo ambako vijiji vingi havina umeme kabisa. Ilifika Beni, Butembo na vijiji vya pembeni kwa sababu kulikuwa watu waliojua kutunza mashine za baridi, kupima kiwango chake usiku na mchana, na kutambua kasoro mbele chanjo haijaharibika. Elimu yao ni ileile ya kubana, kutoa joto na kuachia. Kijana aliyekimbia shamba lake na asiyejua lini atarudi anaweza kujifunza ufundi huu na kula kwa jasho lake katika mji wowote. Ila ajifunze wote, pamoja na heshima ya gazi na ya umeme.

Kazi ya siku ya mwisho ya joto

Yaliyotokea Berlin, Philadelphia na mbinguni juu ya Antaktika yanaeleza kwa nini mafundi wazuri wanafuata utaratibu mmoja msimu ukiisha. Sehemu kubwa ya kazi hiyo mwenye nyumba anaweza kuifanya mwenyewe.

Kwanza ni kukausha ndani. Siku ya mwisho, mashine inawekwa kwenye feni tupu, bila baridi, kwa saa mbili ao tatu, ili maji yote yakauke. Kisha inazimwa kwa telekomande, na umeme wake unakatwa kwenye disjontere. Hapo ndipo kifuniko kinafunguliwa na filtri zinatolewa. Zinaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, na kuanikwa kivulini, maana jua kali linazikunja. Wakati wa matumizi filtri zinataka kuoshwa kila mwezi, na penye vumbi jingi, hata kila wiki mbili. Bomba dogo la maji linaangaliwa kama halikuzibwa na udongo ao na wadudu: ukimimina kikombe cha maji kwenye sinia ya ndani, yanapaswa kutoka nje bila kuchelewa.

Sanduku la nje linaondolewa majani, nyuzi za buibui na matope. Maji ya kuliosha yawe ya kumwagwa taratibu, si ya mashine ya nguvu, kwani yanakunja mapezi membamba ya chuma. Halifai kufungwa kabisa kwa plastiki. Unyevu unabaki ndani, vyuma vinaota kutu, na panya wanapata nyumba. Kipande cha bati juu yake kinatosha.

Yaliyobaki ni ya fundi. Ndani ya mashine kuna kondansateri inayoweza kushika umeme hata baada ya kuzimwa, na imerusha watu wengi waliodhani hakuna hatari. Gazi nayo haiishi kama esansi ndani ya pikipiki. Inazunguka ndani ya bomba lililofungwa kwa miaka na miaka, na ikipungua maana yake kuna tundu. Fundi anayeongeza gazi bila kutafuta tundu anauza dawa ya siku chache. Anayejaza gazi ya kupikia katika mashine isiyotengenezwa kwa ajili yake anaacha bomu ukutani. Na mashine ikihamishwa, gazi yake inarudishwa ndani ya sanduku la nje na vali zake zinafungwa, ao inavutwa ndani ya chupa yake. Haiachiwi hewani.

Kazi yote ya mwenye nyumba inachukua nusu siku, na gharama yake ni sabuni kidogo na kitambaa. Mashine iliyolazwa kavu na safi inaamka bila harufu, inakula umeme kidogo zaidi, na haihitaji gazi mpya. Kinshasa, siku hiyo ya kuiamsha inakuja mwezi wa tisa ao wa kumi, mvua za kwanza zikirudi pamoja na joto lake.